Mtu Aliyeumia Kichwa: Saa za Kwanza



Ukikaa karibu na barabara kubwa, habari hii unaijua. Moto inateleza kwenye matope, motari na mtu aliyempakia wanaanguka, watu wanakimbia kusaidia. Mmoja amevunjika mguu, analia kwa nguvu. Mwingine amelala kimya kidogo, kisha anafungua macho, anasimama, anapangusa matope kwenye suruali na kusema: "Hapana kitu. Niko muzuri." Watu wote wanamshughulikia yule anayelia. Yule wa pili anakwenda nyumbani kulala.

Makaratasi haya yanasema juu ya huyo wa pili.

Si moto peke yake inayoumiza kichwa. Watoto wanaanguka kwenye miembe na miavokado. Wakata ngazi wanaanguka kwenye michikichi. Chukudu yenye mzigo ikishindwa breki kwenye mteremko, haimhurumii mwenyewe wala anayepita. Kuna watu wa machimbo wanaoangukiwa na udongo, na kuna wale wanaopigwa fimbo katika ugomvi wa shamba. Njia ya kuumia ni nyingi, lakini namna ya kuchunga mgonjwa ni moja.

Ndani ya kichwa kuko nini?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, hata kidogo chini yake. Ni laini. Unakaa ndani ya maji kidogo, umefunikwa na ngozi nyembamba tatu, na nje yake kuna mfupa mgumu. Mfupa ule ni ulinzi mzuri, lakini una shida moja. Mkono ukiumia, ngozi inavuta na mkono unavimba, hakuna kitu. Kichwa cha mtu mzima hakiwezi kuvimba hivyo kwa ndani. Ni sanduku lililofungwa. Damu ikianza kumwagika ndani, pahali pake ni pale pale pa ubongo.

Gusa mfupa wa upande, kati ya jicho na sikio. Pale mfupa ni mwembamba, na ndani yake unapita mshipa wa damu. Mtu akigongwa pale, mfupa unaweza kupasuka na kukata mshipa ule. Damu inaanza kujikusanya kati ya mfupa na ngozi ya ubongo. Mwanzo, kuna nafasi kidogo: maji ya kichwa yanasukumwa chini kwenye uti wa mgongo, damu ya mishipa mingine inapungua, na mgonjwa anaendelea kusema na watu. Anaweza hata kuomba chakula. Kisha ile nafasi inakwisha. Ubongo unasukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ya kichwa, na ni pale chini kuna sehemu inayoamuru pumzi. Mambo haya yanaweza kutokea kwa saa moja, ao kwa saa nyingi, katikati ya usiku, wakati watu wa nyumba wanafikiri anapumzika.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "lakini tumesema naye sasa hivi," maneno yake ni ya kweli, lakini hayaonyeshi kama hatari imepita.

Waganga wanasema kama kuna kuumia kwa namna mbili. Kwa kwanza ni kule kwa kugongwa kwenyewe. Ubongo umepondwa, na hakuna munganga duniani anayeweza kurudisha nyuma dakika ile. Kwa pili kunakuja nyuma: hewa inakosekana kwa sababu ulimi umefunga koo, damu inapungua mwilini, sukari inashuka, kifafa kinamshika, ao damu inabana ubongo. Huku kwa pili kunaweza kuzuiwa. Kazi yote inayofanyika katika chumba cha wagonjwa wa haraka ni vita juu ya kuumia kwa pili, na vita hivyo vinaanza pale barabarani, kwa mikono ya watu wasio waganga.

Pale alipoanguka

Kwanza, mtu mmoja asimamishe magari na moto, musije mukaumia ninyi wote. Kisha angalia kama anapumua. Mdomo ukijaa damu, matope ao matapishi, yatoe kwa kidole kilichofungwa kitambaa, yale unayoyaona tu. Kama anakoroma, sukuma taya la chini mbele kwa vidole vyako kutoka nyuma, bila kukunja shingo. Kukoroma kwa mtu aliyegongwa si usingizi mzuri. Ni hewa inayopita kwa shida.

Shingo yake uihesabu kuwa imevunjika mpaka munganga aseme hapana. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, sawasawa na mgongo, wala asikiache. Mukitaka kumgeuza, mugeuze mwili wote mara moja kama gogo la mti, watu wanne kwa sauti ya mmoja. Akianza kutapika mumgeuze hivyo hivyo kwa upande. Kitenge kilichokunjwa, kimoja huku na kimoja kule, kinasaidia kichwa kisicheze njiani.

Kofia ya moto mumwachie kichwani kama anapumua vizuri. Ikizuia hewa, watu wawili waitoe: mmoja anashika shingo na taya, mwingine anaipanua na kuivuta polepole. Na kwa kuwa tumetaja kofia: wataalamu waliokusanya masomo mengi juu ya ajali za moto waliandika mwaka 2008 kama kofia inapunguza hatari ya kuumia kichwa karibu 69 kwa 100, na hatari ya kifo karibu 42 kwa 100. Hesabu ile ni ya kofia iliyo kichwani. Kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa moto, ao isiyofungwa chini ya kidevu, inaruka mbele ya mwenyewe. Na mama anayepakiwa nyuma ana kichwa kama motari.

Ngozi ya kichwa inatoa damu nyingi sana. Weka kitambaa safi na bonyeza kwa nguvu, usifungue kila mara kuangalia. Lakini kama unaona mfupa umezama ndani, ao kitu cheupe laini kinatokea, usibonyeze juu yake. Funika tu kwa kitambaa kilicholowana na maji safi. Kitu kilichochoma kichwa kisivutwe. Damu ao maji yakitoka sikioni ao puani, musizibe kwa pamba, muyaache yatoke: ni alama ya mfupa wa chini kupasuka, na kuziba ni kufungia uchafu ndani.

Musimpe maji, wala chai, wala dawa ya kunywa ya namna yoyote, ya duka ao ya miti. Musimmwagie maji baridi. Aspirini inazuia damu isigande, kwa hiyo ni mbaya hapa.

Juu ya kumbeba: tunajua kama njia zingine ni za moto tu, na watu wanamkalisha mgonjwa katikati ya wawili. Kwa mtu aliyevunjika mkono, sawa. Kwa mtu asiye na fahamu ni hatari kubwa, kichwa kinaanguka huku na huku na koo linafungika. Kipoyi cha mabega manne kinakwenda polepole, lakini mgonjwa anafika akipumua. Ubao ao mlango wa nyumba unafaa pia.

Na neno moja ambalo familia nyingi zinasahau: aliyeona ajali aende pamoja na mgonjwa. Mara nyingi anakuja mjomba ao shangazi aliyekuwa shambani, na hajui kitu. Munganga atauliza: Alianguka saa ngapi? Alizimia, muda gani? Aliamka na kusema kisha akazimia tena? Alishikwa na kifafa? Alianguka kwa sababu ya utelezi, ao alikuwa mgonjwa kwanza, na homa, na kizunguzungu? Maana mtu mwenye malaria kali anaweza kuanguka na kujigonga, na mukitibu kidonda tu, malaria inamwua.

Juu ya nini hawaanzi na kichwa?

Ndugu wa mgonjwa wanakasirika. Kichwa kinatoka damu, na infirmie anaangalia mdomo, anasikiliza kifua, anabonyeza tumbo. "Hamuoni kichwa?" Wanakiona. Lakini ubongo, ambao ni kama sehemu 2 kwa 100 ya uzito wa mwili, unakula karibu sehemu 20 kwa 100 ya oksijeni yote. Ukikosa hewa ao damu kwa dakika chache, unaanza kufa. Kwa hiyo njia ya hewa ni ya kwanza, pamoja na kulinda shingo, kisha pumzi, kisha damu.

Infirmie wa kituo cha afya, ukisoma hapa, shika hili: tansio ikiwa chini kwa mtu mzima aliyeumia kichwa, usiseme ni juu ya kichwa. Damu inamwagika pengine. Tafuta tumboni, kifuani, kwenye nyonga, kwenye paja. Mpe serumu ya Ringer ao ya chumvi. Serumu ya sukari haifai kwa kumjaza maji, inaongeza kuvimba kwa ubongo. Lakini pima sukari kwa kidole kwa kila mgonjwa asiye na fahamu, na kama iko chini, hapo sukari ndiyo dawa.

Kisha inakuja hesabu. Mwaka 1974, waganga wawili wa mji wa Glasgow katika Skotlandi, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa njia rahisi ya kupima fahamu. Haihitaji mashine. Inaangalia vitu vitatu. Macho: anayafungua mwenyewe, 4, akiitwa, 3, akibonyezwa mpaka aumie, 2, hayafungui, 1. Maneno: anajua jina lake, pahali alipo na wakati, 5, anasema lakini amechanganyikiwa, 4, anatupa maneno tu bila maana, 3, anaguna, 2, kimya, 1. Mwendo: ukimwambia "inua mkono" anainua, 6, ukimbonyeza juu ya jicho mkono wake unakuja kutoa wako, 5, anajivuta tu, 4, mikono inajikunja vibaya kifuani, 3, inanyooka na kukakamaa, 2, hakuna, 1. Mtu mzima wa afya ana 15. Aliye chini kabisa ana 3.

Mwenye 13 mpaka 15 anahesabiwa kuumia kidogo, 9 mpaka 12 kati, 8 na chini ni vibaya sana: mtu yule hawezi kulinda koo lake mwenyewe, na anayejua kuweka mpira wa hewa aitwe maramoja. Lakini angalia, neno "kidogo" linadanganya. Yule motari wa mwanzo, alipokuwa akipangusa matope, alikuwa na 15.

Uliza kwa lugha ya mgonjwa. Kuna mama anayejua Kinande tu, ao Mashi tu. Ukimwuliza kwa Kifaransa hatajibu, na wewe utaandika kama amechanganyikiwa. Mwite mtu wa kwao. Andika namba tatu zote, si jumla peke yake, na andika saa.

Karatasi ile ndiyo nguvu yetu. Pima kila nusu saa mpaka afike 15, na akifika, endelea kila nusu saa kwa muda wa saa 2, kisha kila saa moja kwa saa 4, kisha kila saa 2. Namba moja haisemi mengi. Namba inayoshuka inasema yote. Aliyekuwa na 14 saa tatu usiku, na saa nne ana 12, anahitaji munganga sasa, wala si asubuhi.

Pamoja na hiyo, angalia mboni za macho kwa tochi. Mboni moja ikipanuka na kukataa kujifunga kwenye mwanga, mara nyingi damu iko upande ule ule. Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, andika. Tansio ikipanda huku mapigo ya moyo yanakwenda polepole na pumzi inapotea njia, ujue ubongo unabanwa sana. Alama ile inakuja nyuma, usiingojee.

Sasa juu ya pombe. Mgonjwa ananuka kasiksi ao lotoko, na watu wanasema: "Amelewa tu, mumuache alale." Maneno hayo yamezika watu. Mlevi anaanguka zaidi kuliko wengine, na pombe inaficha alama. Mpime kama wote, mchunge kama wote. Na akipigana na kutupa mikono, usikimbilie kamba wala sindano ya usingizi. Kwanza angalia kama anakosa hewa, kama kibofu kimejaa mkojo, kama kuna mfupa uliovunjika unaomwumiza.

Familia inaomba picha ya radio. Radio inaonyesha mfupa. Damu ya ndani haionyeshi, na radio nzuri haituambii kama ubongo ni salama. Mashine inayoonyesha damu ni skaneri, nayo iko katika miji michache, mbali na wengi wetu. Pasipo skaneri, karatasi ya saa na namba ndiyo inayoamua nani asafirishwe. Ukimpeleka mgonjwa mbele, karatasi iende naye, na infirmie aende naye akiwa na oksijeni kama iko. Kwanza hewa na damu vitengenezwe, kisha gari liondoke. Gari linalokimbia na mtu asiyepumua vizuri halimsaidii.

Kitandani, kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hivi kama tansio ni nzuri, mwili wote ukiwa sawa, na shingo isikazwe na kitu. Kifafa kizimwe haraka. Kidonda kioshwe sana na kishonwe, na chanjo ya pepopunda isisahauliwe. Manitoli inashusha mbano kwa muda mfupi, inanunua saa ya kufika kwa mpasuaji. Haiponyi. Asidi traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ilipimwa kwa wagonjwa wa kichwa zaidi ya 12,000, na mwaka 2019 matokeo yalionyesha faida kwa wale wasioumia vibaya sana, ikitolewa ndani ya saa 3. Lakini deksametazoni na ndugu zake, ambazo mikono ya wengi bado inazitafuta kwenye kabati, ziache. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 10,000, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kama waliopewa dawa za namna ile walikufa wengi kuliko wasiopewa.

Damu ikibana, dawa yake ni kuitoa. Mpasuaji anatoboa mfupa na kuiachia njia. Kwa yule mwenye damu ya mshipa wa upande, akifika kabla ubongo haujaharibika, anaweza kupona kabisa na kurudi kazini. Akifika asubuhi, baada ya familia kungoja aamke, mara nyingi kazi inayobaki si ya mpasuaji.

Akirudi nyumbani

Wengi hawapasuliwi. Wanachungwa, wanarudi. Munganga anamruhusu akiwa na 15, hatapiki, na kuna mtu mzima wa kukaa naye siku nzima na usiku wake. Ukikaa ng'ambo ya mto, ao mwendo wa saa tatu kwa miguu, useme wazi. Ni heri kulala kwa ndugu karibu na hospitali usiku mmoja.

Mwache alale, kulala si dhambi. Lakini usiku wa kwanza umwamshe kila saa 2. Akuambie jina lako, abonyeze vidole vyako kwa mikono miwili. Mrudishe maramoja, hata kama ni saa nane za usiku, kama haamki vizuri, anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma, anasema ovyo, anashikwa na kifafa, anaona vitu viwili viwili, upande mmoja unalegea, ao maji yanatoka puani ao sikioni. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Pombe hapana.

Mtoto mchanga hawezi kusema kama kichwa kinamwuma. Mama, angalia ziwa: akikataa kunyonya, akitapika, akilia kilio kisicho chake ao akilegea, ao utosi laini ukifura wakati halii, mlete. Kwa mtoto mdogo, hata damu ya kidonda cha ngozi ya kichwa inaweza kumaliza nguvu, kwa hiyo bonyeza mapema.

Majuma yanayofuata, mgonjwa anaweza kusahau sahau, kukasirika upesi, kuchoka na kelele. Si uchawi, wala si uvivu. Wengi wanapungukiwa na hali hiyo polepole. Apumzike siku za kwanza, arudi shuleni ao kazini kidogo kidogo, na asiendeshe moto mpaka kizunguzungu kiishe.

Wazee wana njia yao. Mishipa yao ni dhaifu, na ubongo umepungua kidogo, kwa hiyo kuna nafasi ndani ya kichwa. Babu anajigonga kwenye mlango, hata damu haitoki, watu wanacheka. Baada ya majuma matatu ao manne anaanza kuburuta mguu, analala mchana, anawaita wajukuu kwa majina ya watu wengine. Nyumbani wanasema ni uzee. Uzee hauji kwa majuma matatu. Ni damu iliyomwagika polepole, na hospitali yenye mpasuaji inaweza kuitoa kwa tundu dogo la mfupa. Mkimleta, mseme habari ya ule mlango, hata kama yeye mwenyewe ameisahau.